NDINGA YA STAA INACHEZA AMAPIANO? WAPI, HIYO NI BUSHI!

Mitandaoni stori ya mjini ni moja tu: staa mmoja wa kike wa Bongo Muvi kaanika mchuma wake. Ni Suzuki Jimny, kale kagari kadogo ka fowili, kizazi kile kilichoanza kutengenezwa 1998 na kuisha 2018. Kainyanyua juu, kaivalisha matairi makubwa ya tope, kapachika taa nne juu ya paa, na nyuma kuna muziki mnene. Kwa muonekano, gari imetoka bomba.

Sasa itazame ile video vizuri. Gari ikishika lami na kufika spidi ya 70 hivi, stelingi inaanza kutetemeka mpaka mikono yote miwili inarukaruka. Dada anacheka, anasema ndinga inacheza amapiano. Mashabiki nao wakacheka. Wachache waliomwambia aipeleke gereji waliporomoshewa matusi, wakaitwa wenye wivu. Na siti ya nyuma kakaa mwanaye.

Ukweli usemwe. Jimny imekaa juu ya chesi na ina ekseli nzima mbele na nyuma, kama lori. Ndiyo maana inapita kwenye tope na mawe. Lakini bushi, tairodi au beringi za kule mbele zikichoka, tairi moja likipiga shimo mtikisiko unahamia upande wa pili na kurudi kwenye stelingi. Matairi makubwa yasiyobalansiwa ndiyo yanakoleza. Kuna mafundi wanafunga shokapu mpya ya stelingi, mtetemo unapungua, mteja anaondoka anachekelea. Ugonjwa uko palepale, umepewa panadol tu.

Na hayo matairi makubwa yana deni lake. Kainjini ka 1300cc kanabeba mzigo zaidi. Breki ni zilezile za kiwandani, ila sasa zinasimamisha tairi kubwa na zito. Spidomita nayo inadanganya, inasoma chini kuliko spidi halisi. Gari ikinyanyuliwa, kwenye kona inalala zaidi. Kwa hiyo anayetaka kunyanyua gari alitakiwa aanze na breki, siyo taa za paa.

Kuna mtangazaji mmoja wa redio ana Jimny ya umri huohuo. Wanamcheka kila siku, eti anaendesha kopo. Rangi imepauka, bampa ina mikwaruzo. Lakini hela yake ya kwanza yote iliishia uvunguni: breki, bushi, beringi, shokapu, na kutu ya chesi ikakwanguliwa. Fowili ilikuwa haiingii, taa yake inapepesa tu kwenye dashibodi, akaambiwa anunue gia boksi nyingine. Fundi mwingine akapekua taratibu, akakuta vihosi vyembamba vya upepo vimepasuka. Kwa Jimny za kizazi hicho huo ni ugonjwa unaojulikana, na kihosi hakilingani bei na gia boksi hata kidogo. Rangi atapiga zamu yake ikifika. Shida ni kwamba bushi mpya haina picha ya kupost. Wahenga walishasema, usione vyaelea, vimeundwa.

Kuna watakaosema hela ni zake, gari ni yake, na kwa staa gari ni tangazo la biashara. Sawa, apendeze, hakuna anayemkataza. Ila barabara siyo yake peke yake. Bodaboda aliye mbele yake na mama anayevuka na ndoo ya samaki hawakuomba kuwemo kwenye hiyo shoo. Halafu kuna kijana wa Mbagala mwenye ka-Escudo kake ka zamani, naye kesho atakopa anunue matairi kama ya staa, huku breki zake ni za kukanyaga mara tatu.

Dada, ipeleke gereji, waanze na uvungu. Halafu post video nyingine stelingi imetulia tuli kwenye spidi ileile. Hiyo ndiyo itakuwa kiki ya maana.

Wadau mnasemaje? Wewe ungeanza na rimu au breki? Dondosha maoni yako hapo chini, bila matusi!