Likasi: Mnunuzi akiomba nyumba itengenezwe, muuzaji asikimbilie hasira

Mjini Likasi, mauzo ya nyumba mara nyingi hayakwami kwenye bei. Yanakwama siku mnunuzi anaporudi na mwashi wake. Mwashi anapanda juu ya paa, anagonga kuta, anafunua shimo la choo, kisha anatoa hukumu: mabati yameoza, mbao zimeliwa na mchwa, ukuta wa nyuma una ufa. Jioni mnunuzi anadai yote yatengenezwe mbele ya kulipa pesa za mwisho. Muuzaji anaona ametukanwa. Komisionere, ambaye hapati chake mpaka watu wapatane, anawahimiza wote wawili wasaini haraka.

Hasira ya muuzaji inaeleweka. Katika komine kama Panda na Shituru kuna nyumba za wakati wa Union Minière, mji ulipokuwa ungali unaitwa Jadotville. Kwa mzee aliyeacha kazi Gécamines mwaka 2003 katika mpango wa kuondoka kwa hiari, nyumba inaweza kuwa mali pekee iliyobaki. Hana dola za kununua mabati mapya. Ndiyo maana anauza.

Lakini sheria haimlindi anayeficha. Amri ya 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo ingali inatumika nchini, inamwajibisha muuzaji kwa kasoro iliyofichika inayoifanya nyumba isifae, hata kama yeye mwenyewe hakuijua, isipokuwa mkataba uliondoa dhamana hiyo. Mnunuzi anaweza kurudisha nyumba na kudai pesa zake, ama kubaki nayo na kurudishiwa sehemu ya bei. Kasoro iliyo wazi, ambayo aliweza kuiona kwa macho yake, haimo. Kwa hiyo anayepaka simenti na rangi juu ya ufa wiki moja kabla ya mnunuzi kufika anajitafutia kesi. Ufa huohuo, angeuonyesha, ungempunguzia bei tu.

Maombi yenyewe hayana uzito sawa. Waya za umeme zilizo wazi, paa linalovuja, msingi uliopasuka: hayo muuzaji hawezi kuyakwepa. Rangi mpya ya sebule ni tamaa ya mnunuzi, ajilipie. Na mara nyingi kupunguza bei ni bora kuliko kutengeneza, maana muuzaji mwenye haraka huita fundi wa bei ya chini, na kazi hiyo haitampendeza mnunuzi. Aitwe fundi mwingine, asiyeletwa na upande wowote, ahesabu mabati, mbao na mikono. Kiasi hicho kitolewe kwenye bei na kiandikwe ndani ya mkataba, si kuahidiwa kwa mdomo barazani. Deni la SNEL na la Regideso nalo liandikwe humo.

Wanunuzi pia wana uzembe wao. Wengine hukagua cheti cha usajili tu, wakaridhika. Cheti kinaonyesha nani ana haki juu ya kiwanja, hakionyeshi mchwa. Tena mwezi wa Agosti paa lolote la Likasi linaonekana zima. Anayenunua kiangazi aingie darini na tochi, atafute alama za maji ya mvua iliyopita.