Gitaa limeota ndui, na aliyeliambukiza ni mimi muuzaji



Leo sitaongelea matangazo wala namna ya kupata wafuasi. Naongelea vitundu vya mbao, vidogo kuliko ncha ya sindano, vilivyonirudishia mzigo wa 450,000.

Mimi nauza magitaa ya kutengenezwa kwa mkono. Sichongi, nauza tu. Fundi ni mzee mmoja jirani yetu. Yeye anakaa na randa na patasi, mimi nakaa na simu. Mwaka jana nikatuma gitaa Mwanza kwa kijana anayepiga kanisani. Mgongo na mbavu ni mninga, linang'aa kama kioo. Alipolifungua akanitumia sauti ya furaha WhatsApp, nami sikuchelewa, nikaiposti. Wiki ya sita ikaja picha. Ameipiga dirishani, mwanga unaingia kwa ubavu, na chini yake ameandika: "Kaka, gitaa lako limeota ndui."

Nikaikuza picha. Kweli jamani. Mgongo mzima una vidoti na vimistari vifupi vilivyobonyea, kama mtu kauchomachoma na pini.

Hasira zote zikaenda kwa fundi. Nikamfuata na simu mkononi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu." Nikamwonyesha. Akaangalia kwa muda mrefu, halafu akaniuliza swali moja tu: "Hili si lile ulilosema mteja analitaka Ijumaa?"

Nilikosa la kujibu. Ni mimi niliyemwambia aruke kuziba vitundu, apige vanishi tusafirishe. Na naamini wengi wetu tunaouza kazi za mbao tunafanya hivyo hivyo, halafu mzigo ukirudi tunasema fundi mbovu.

Mzee alinieleza hivi. Mbao kama mninga, mvule, mtiki na mkangazi zina mirija iliyokuwa inapandisha maji wakati mti uko hai. Ukipasua na kuranda, mirija inakatwa, inabaki mifereji midogo iliyo wazi juu ya mbao. Ukipaka vanishi moja kwa moja, siku za mwanzo inatanda juu ya mifereji na uso unaonekana umenyooka. Lakini thina inaendelea kutoka taratibu, vanishi inasinyaa na kuzama kwenye vitundu. Laka ya nitro ndiyo zaidi, inaweza kuendelea kusinyaa kwa wiki kadhaa, hata miezi.

Kwa hiyo siku unayopiga picha ya kuuzia, kosa halipo. Linatokea likiwa mikononi mwa mteja, na ile picha yako inayong'aa bado iko kwenye ukurasa, analinganisha na alichonacho. Hapo utajitetea na nini?

Kazi yenyewe si ya ajabu, inataka siku tu. Mzee anapiga msasa mpaka namba 180 au 220, kisha anasafisha vumbi lililojaa kwenye vitundu kwa brashi. Anapaka koti moja jepesi la shelaki, ili rangi ya kijazio isiingie kwenye mbao na kuacha madoa. Baada ya hapo ndio kijazio. Wapo wanaonunua pasti ya dukani, wapo wanaotumia epoksi, na wapo wanaochukua vumbi la msasa la mbao ile ile wakachanganya na sila wanayopaka kabla ya vanishi. Anakisukuma kwa kadi ngumu ya plastiki (ya kwake ni kadi ya benki iliyokwisha muda) akikatisha mistari ya mbao. Ukiifuata mistari, kadi inazoa tena ulichojaza. Kikikauka anapiga msasa, anaangalia, anarudia. Raundi moja mara nyingi haitoshi kwa sababu kijazio chenyewe nacho kinasinyaa, na hicho ndicho kinachokula siku ambazo sisi tunamnyima.

Mafundi wa gitaa la Kihispania wana njia yao ya zamani ambayo mimi naipenda sana. Wanatumia unga wa pamisi, jamaa ya lile jiwe la volkano watu wanalosugulia nyayo, pamoja na spiriti na shelaki kidogo kwenye kitambaa kilichofungwa kama kibonge. Wanasugua kwa kuzungusha, saa baada ya saa. Unga unakwangua mbao na kusukuma vumbi lake lenyewe ndani ya vitundu, kwa hiyo rangi inalingana. Ila usimpelekee mteja wa haraka fundi wa aina hiyo.

Si gitaa zima linalojazwa. Uso wa mbele ukiwa wa sprusi hauna mirija ya namna hiyo, ukipaka kijazio unauchafua tu. Mpingo umebana mno, mara nyingi hauhitaji. Ubao wa vidole huachwa kama ulivyo.

Najua kuna atakayesema, si upake tu vanishi nyingi mpaka vitundu vijae? Itajaa leo, itazama baadaye. Na gitaa linatoa sauti kwa mbao kutetemeka. Ukilivika koti nene unalivisha blanketi.

Wapo pia watakaosema mteja hajui vitundu ni nini, kwa nini nijisumbue. Mteja wangu wa Mwanza hakujua jina lake, lakini alijua ndui ni nini.

Sisemi kila gitaa lazima liwe kioo. Kuna wateja wanaopenda kuigusa mbao, koti jembamba lisilong'aa, vitundu viko wazi. Hata viwanda vikubwa vinauza magitaa hivyo na vinaandika hivyo. Ni kazi halali kabisa na inamalizika haraka. Dhambi ni kuuza vitundu wazi kwa picha ya kioo. Na wewe unayeuza meza za mninga, stuli au maboksi ya spika, usijifanye hayakuhusu, mbao ni ile ile.

Siku hizi kwenye tangazo naandika: "Mgongo na mbavu ni mninga, vitundu vimezibwa raundi mbili. Utalipata baada ya wiki tatu." Anayetaka haraka namwambia lipo la vitundu wazi, namtumia picha ya karibu aone mwenyewe, na bei inapungua. Kwa kazi ya kuziba nimeongeza 40,000 na yote anachukua mzee. Wateja wawili walinikimbia kwa sababu ya hizo wiki tatu. Iliniuma, sitadanganya, mwezi ule kodi ya nyumba niliikopa.

Kabla sijamlipa mzee hela ya mwisho, nazima taa, nawasha tochi ya simu na kuilaza karibu kabisa na mbao, mwanga upite kwa ubavu. Palipobonyea panatupa kivuli hapo hapo. Halafu gitaa linakaa wiki mbili kabla ya kufungwa, nalimulika tena, na picha ya tangazo naipiga siku hiyo ya pili.

Lile la Mwanza lilirudi kwa basi, nauli ya kwenda na kurudi nikalipa mimi. Mzee akakwangua vanishi yote, akaanza upya kwenye mbao tupu. Yule kijana Pasaka akapiga gitaa la kuazima. Mwezi mmoja baada ya kulipokea tena alinitumia picha, dirisha lile lile, mwanga ule ule, bila neno lolote. Nimeikuza mara tatu, sijaona kidoti. Ila tangu siku hiyo hajaniandikia tena.