Megapikseli 108, halafu zidaka zimegeuka tope

Watu wangu wa Amu, leo tuambiane ukweli. Hii tabia ya kuchagua simu kwa kuhesabu megapikseli tuiache jamani. Unaingia dukani, muuzaji hata hajamaliza kukusalimia, ashakwambia "hii ni mia na nane." Jioni ushaiweka kwa statasi. Ndugu yangu, umeuziwa namba.

Megapikseli ni idadi ya vidoa vinavyounda picha, basi. Picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000 ni milioni 12. Ukitaka kuchapisha karatasi ya A4 ikatoka safi, nukta 300 kwa kila inchi, unahitaji 2,480 kwa 3,508. Haifiki hata milioni 9! Na simu nyingi za megapikseli 48 kwa kawaida huunganisha pikseli nne kuwa moja, zikakupa picha ya 12. Sasa ulikuwa unaringia nini?

Swali ambalo hakuna anayeuliza ni hili: kila pikseli imebeba nini? Hapo ndipo biti zinapoingia. JPEG ya kawaida ni ya biti 8. Yaani nyekundu, kijani na buluu, kila moja ina ngazi 256 kutoka giza hadi mwanga. Ukizizidisha unapata rangi zaidi ya milioni 16. Kwa kutazama kwenye skrini zinatosha, sibishani. Shida huanza ukitaka kurekebisha. Faili ghafi ya kamera, ile RAW, mara nyingi huwa na biti 12 au 14. Biti 12 ni ngazi 4,096. Biti 14 ni ngazi 16,384. Ona tofauti hiyo na 256.

Haya, ilete hesabu hii kwetu. Simama kwenye daka la nyumba ya kale saa saba mchana. Nje, ukuta wa chokaa unawaka jua. Ndani, kuta nene za matumbawe, na zile zidaka za plasta zimekaa gizani. Ukipiga JPEG, simu inaamua yenyewe ibakishe nini na itupe nini. Baadaye ukifungua kivuli kwa programu, nakshi inatoka madoa madoa, mistari mistari, kama tope. Megapikseli 108 zitakuonyesha tope hilo likiwa kubwa zaidi, ndiyo kazi yake.

Halafu tunamalizia kuiua. Picha inarushwa kwa grupu la familia, WhatsApp inaipunguza na kuibana, ya asili inafutwa ili simu ipate nafasi. Picha ikishapunguzwa hadi pikseli 1,600 kwa upande mrefu, ukiichapisha kwa ubora ule wa nukta 300 unapata upande wa inchi tano na kidogo. Hiyo ni ya kubandika kwa friji.

Na usiniambie programu ya akili bandia itaikuza. Itabuni nakshi ambayo fundi hakuichonga. Wala kuihifadhi upya ile JPEG kama faili ya biti 16 hakurudishi kilichotupwa. Ukimimina kikombe cha maji kwa tangi, bado una kikombe kimoja.

Mbona nakasirika? Kwa sababu Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, lakini orodha haitunzi sura ya ukuta wa nyumba ya nyanya yako. Plasta ikibanduka, saruji ikipakwa juu, fundi atakayetaka kuirudisha nakshi ile atatazama nini? Picha ya WhatsApp? Miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Endangered Archives wa British Library, kwa sababu kuna watu walijua karatasi haingoji. Na ukuta je, unangoja?

Najua utasema: "Bro, RAW ni nzito, bando ghali, simu yangu ina GB 64." Sawa. Sikwambii upige kila kikombe cha chai kwa RAW. Selfi ya Shela, mbio za punda za Maulidi, piga JPEG na maisha yaendelee. Lakini kitu kisichorudi, kama mlango wa nakshi unaotaka kung'olewa, zidaka, au picha ya karatasi ya babu uliyemkuta kwenye sanduku, kipe RAW kama simu yako inaitoa. Kama haitoi, piga mbili, moja ya mwanga na moja ya kivuli. Ukituma, tuma kama dokumenti. Ile ya asili weka kwa diski, na nakala nyingine kwa nyumba ya mtu mwingine. Hakuna hata moja hapo inayodai simu mpya.

Siku nyingine muuzaji akikwambia "mia na nane," muulize: "Inatoa RAW? Ya biti ngapi?" Akikukodolea macho, rudisha pesa mfukoni.