Kiswahili Kisiwe Vazi la Juu: Wito wa Kujisakinishia Mifumo Endeshi

Wahenga walinena kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hii tumeifunza, tumeichambua na kuitolea mifano mitihanini, ila ni wachache wetu wanaoitambua inapotendeka mezani petu. Wengi wetu huandika insha, tasnifu na mashairi yetu kwa tarakilishi. Hata hivyo, mashine hiyo ikigoma na kuhitaji mfumo endeshi mpya, twaibeba hadi kwa fundi wa mjini, twamlipa, na kurudi nayo bila kujua alichokiweka wala kwa idhini ya nani. Rai yangu ni kwamba kusakinisha mfumo endeshi kwa flashi ni stadi inayompasa kila mwanachama wa chama chetu. Aidha, ni suala la Kiswahili kabla ya kuwa suala la teknolojia.

Tuanze na maana. Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia mashine nzima: kumbukumbu, diski, kiwambo, kibodi, na programu nyingine zote zinazotumiwa. Bila mfumo huo, kipakatalishi ni sanduku tupu. Zamani mfumo ulisakinishwa kwa rundo la disketi, kisha kwa sidii. Flashi, ambayo wengine huiita diski mweko, ilianza kuuzwa mwaka wa 2000, na leo ndiyo njia ya kawaida ya kazi hii, hasa kwa kuwa vipakatalishi vingi vya sasa havina hata mahali pa kutia sidii.

Suala hili limekuwa la dharura. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikoma kuutolea mfumo wa Windows 10 marekebisho ya kawaida ya usalama, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda. Mrithi wake, Windows 11, hudai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na kichakataji kilichomo katika orodha iliyoidhinishwa. Vipakatalishi vingi vilivyokwisha kutumika ng'ambo, ambavyo ndivyo wanafunzi wengi humudu kununua, havitimizi masharti hayo. Je, tuvitupe? La hasha! Mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 yaweza kuendeshwa na mifumo huria ya Linux, na iliyo dhaifu zaidi haikosi toleo jepesi la kuifaa.

Kazi yenyewe si ya kutisha. Kwanza, mtu huhifadhi mahali pengine kila faili anayoithamini, maana usakinishaji waweza kufuta diski nzima. Pili, hupakua faili moja kubwa yenye mfumo wote. Ya Ubuntu 24.04, kwa mfano, hukaribia gigabaiti 6, hivyo flashi ya gigabaiti 8 yatosha. Tatu, faili hiyo huandikwa katika flashi kwa programu maalumu kama vile Rufus. Ikumbukwe kuwa kuinakili tu kama tunavyonakili wimbo hakutoshi, na kwamba uandishi huo hufuta yote yaliyokuwamo katika flashi. Nne, mashine huzimwa, kisha huwashwa huku kitufe cha F12, F9 au Esc kikibonyezwa, kutegemea aliyeiunda, ili iamke kutoka katika flashi badala ya diski yake. Hapo mtumiaji aweza kuujaribu mfumo bila kuigusa diski. Akiridhika, ataamua kuifuta diski yote, ama kuigawa vyumba ili mifumo miwili ikae pamoja kama wapangaji wa nyumba moja.

Sasa natufike kwenye kiini. Mashine ikishaamka kutoka katika flashi, miongoni mwa maswali ya mwanzo kabisa inayomuuliza mtu ni hili: utatumia lugha gani? Kabla ya kuulizwa jina lake au nenosiri lake, mtu huulizwa lugha yake. Hilo ndilo swali ambalo sisi, tuliojitwika jukumu la kukikuza Kiswahili, humwachia fundi atujibie.

Tena, jibu lenyewe lina utata. Katika Windows 7 na Windows 10, Kiswahili hakikutolewa kama lugha kamili ya kusakinishia mfumo. Kilitolewa kama furushi la tafsiri la kuwekwa baadaye juu ya Kiingereza. Pasipotafsiriwa, Kiingereza huchungulia, kama shati la ndani linavyochungulia penye kanzu iliyoraruka. Kiswahili kimekuwa vazi la juu, na mwili ni wa mwingine. Upande wa Linux nako tafsiri ya Kiswahili ingali na mapengo mengi. Tofauti ni kwamba huko mapengo hayo twaruhusiwa kuyaziba wenyewe, kwa kuwa tafsiri nyingi hufanywa na watu wanaojitolea. Isitoshe, Linux yenyewe ilianzishwa na mwanafunzi, Linus Torvalds, alipokuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Helsinki mwaka wa 1991. Nalo jina Ubuntu ni neno la lugha za kusini mwa Afrika lenye mzizi mmoja na "utu" wetu. Jamaa zetu wamekwisha kuingia ndani, nasi tungali tunabisha hodi.

Wala hatutakuwa wa kwanza kujaribu. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Wenzetu walithibitisha kuwa jambo hili lawezekana. Hata hivyo, tafsiri ya programu haikamiliki mara moja kama ya riwaya. Kila toleo jipya huleta maneno mapya, na lugha isiyo na watu wa kuyafuatilia huachwa nyuma mwaka baada ya mwaka.

Yamkini atazuka mwenzetu na kudai kuwa sisi ni watu wa lugha na fasihi, na mitambo ina wenyewe. Huyo na aisome Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001. Sheria hiyo huzihesabu programu za tarakilishi miongoni mwa kazi za fasihi, katika fasili ile ile yenye riwaya, tamthilia na kamusi. Basi anayeweka programu ya Windows isiyo na leseni hana tofauti na anayerudufu riwaya nzima na kuiuza kichochoroni, nasi ndio tunaolia kila siku kuwa waandishi wetu wanaibiwa jasho lao! Mifumo huria hutuondolea aibu hiyo, kwa sababu kuinakili na kumpa mwenzio ni halali. Mmoja akigharamia kuupakua, kumi watasakinisha kwa flashi ile ile.

Wengine watahoji kuwa wahadhiri hudai kazi zilizoandikwa kwa Word. Hoja hii ina uzito, maana jedwali lililopangwa kwa programu moja laweza kuvurugika katika nyingine. Lakini LibreOffice hufungua na kuhifadhi faili za Word, na tasnifu ikikamilika yaweza kutolewa kwa PDF, ambayo haivurugiki. Usumbufu huo mdogo hauwezi kuwa sababu ya kuwa wapangaji milele.

Kuna faida nyingine ambayo wanaisimu hawana budi kuitilia maanani. Tumebishana miaka na mikaka kuhusu kompyuta, tarakilishi na ngamizi, kana kwamba istilahi huzaliwa katika mabishano. Istilahi huzaliwa kazini. Chukua kile kitendo cha mashine kuutafuta na kuupakia mfumo wake. Wapo wasemao "kuwasha", wengine "kuanzisha", na wengine "kubuti". Aliyesakinisha mfumo kwa mikono yake ataona mara moja kuwa "kuwasha" hakutoshi, kwa sababu mashine yaweza kuwaka na isiupate mfumo. Ataona pia kuwa "kuanzisha" kumekwisha kutumiwa kwa programu za kawaida. Pengine atapendekeza "kuamsha", pengine atakubali "kubuti". Lolote atakaloamua, atakuwa na sababu iliyotokana na tajiriba.

Kwa hivyo, natoa pendekezo. Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mnamo mwaka wa 2021, tumeiadhimisha kwa ngonjera, nyimbo na hotuba. Hayo ni mema na yaendelee. Lakini kabla ya maadhimisho yajayo, chama kitenge Jumamosi moja. Kila mwanachama aje na kipakatalishi na flashi, nao wenzetu wa idara za tarakilishi waalikwe kutuelekeza. Maelezo yote yatolewe kwa Kiswahili, na kila neno litakaloleta mkwamo liandikwe ubaoni, lijadiliwe na kuamuliwa papo hapo. Orodha hiyo ichapishwe katika jarida hili, kisha ipelekwe kwa wanaotafsiri mifumo huria. Yeyote atakayeondoka siku hiyo na mashine aliyoisakinisha mwenyewe atakuwa amekitendea Kiswahili haki kuliko ngonjera kumi.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katiba, hata hivyo, haisakinishi mfumo. Swali la lugha litaendelea kuulizwa kila mashine inapoamka kwa mara ya kwanza, na atakayelijibu ni yule aliyeketi mbele ya kiwambo.