Cheka tu, lakini malkia ndiye ameenda

Wasee, nimechoka na hii stori ya "ati watu wameshtakiwa kwa sababu ya siafu." Kwanza si siafu. Siafu unawajua, wakiingia nyumba wewe ndiye unatoka. Hawa ni chungu wavunaji, wale wakubwa wekundu wanaobeba mbegu za nyasi.

Aprili 2025 vijana wawili Wabelgiji walipatikana kwenye gesti, Kaunti ya Nakuru, na malkia kama 5,000 ndani ya vijichupa zaidi ya 2,200, na pamba ya kuwaweka hai. Soko lao ni watu wanaofuga chungu nyumbani, kwenye vioo. Mei mahakama ikawapiga faini ya Sh1 milioni kila mmoja, ama mwaka mmoja jela. Na sisi tulifanya nini? Tukacheka. "Njooni kwangu, kopo la sukari limejaa, chukueni bure."

Nikiwa darasa la tano nilifuga sisimizi kwenye chupa ya jemu. Sukari niliwapa, maji niliwapa. Wiki chache tu, kimya. Nilichota wafanyakazi, malkia nikamwacha kwa shimo.

Hao jamaa hawakufanya kosa langu. Malkia huruka msimu wa mvua, anapandwa, anang'oa mabawa, anachimba, halafu anataga miaka na miaka bila kuhitaji dume tena. Ukimwokota hapo umebeba mji mzima kabla haujajengwa. Mtu ataniambia wengi wangeliwa na ndege hata hivyo. Kweli. Lakini huyo ndege analala hapa, na mavi yake yanaanguka hapa.

Sasa piga hesabu. Ulaya malkia mmoja wa aina hii ametangazwa karibu pauni 100, kama Sh17,000. Uza 120, faini za wote wawili zimeisha na chenji ya chai imebaki. Walikuwa na 5,000! Faini kama hiyo ni gharama ya biashara tu, bana, na kicheko chetu kinafanya ionekane kubwa.

Sipingi kufuga chungu. Ni raha kuwatazama, bado nawapenda. Napinga mtu kutuchotea malkia usiku akijua sisi wenyewe tutamtetea kwa memu.

Na wewe uliyeandika "bebeni na mende pia," futa hiyo komenti.