Robine yenu inatoa bidoni ngapi kwa saa?

Juma hili tuongee juu ya hesabu ya maji. Kikundi kikiletewa mpango wa kujenga robine ya mtaa, namba zinakuja kwa vipimo visivyofanana. Mmoja anaandika lita kwa segonde, mwingine anaandika mita za ujazo kwa saa (m³/h). Mama asiyejua kuzigeuza anatia sahihi bila kujua anapokea maji gani.

Tushike mambo mawili tu. Mita moja ya ujazo ni lita 1 000, ndizo bidoni 50 za lita 20. Saa moja ina segonde 3 600. Kwa hiyo lita 1 kwa segonde ni lita 3 600 kwa saa, yaani m³ 3,6, ama bidoni 180.

Mfano: karatasi ya kwanza inasema lita 0,5 kwa segonde. Ya pili inasema m³ 1,5 kwa saa. Kwa macho, ya pili ndiyo kubwa. Lakini 0,5 mara 3,6 ni 1,8. Basi ya kwanza inatoa bidoni 90 kwa saa, ya pili 75 tu. Bidoni 15 kila saa si kidogo: ni watoto wanaotoka kwenye mstari mapema na kuwahi masomo.

Robine mnayoitumia leo, ipimeni wenyewe. Weka bidoni tupu ya lita 20, tazama saa ya telefone, hesabu segonde mpaka ijae. Kisha gawa 3 600 kwa segonde hizo: utapata bidoni kwa saa. Ikijaa kwa segonde 120, ni bidoni 30 kwa saa, sawa na lita 10 kwa dakika. Pimeni asubuhi na tena jioni, kwani nguvu ya maji inabadilika.

Vipimo vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada yanavifuata, vinasema watu wasizidi 250 kwa robine moja inayotoa lita 7,5 kwa dakika, na kungoja kusipite dakika 30. Hizo ni bidoni 22 na nusu kwa saa.

Andikeni namba zenu katika daftari la kikundi. Na mtu akija kuwaambia "maji yatatosha", mwulizeni kwa heshima: bidoni ngapi kwa saa, na kwa watu wangapi?