Itoe stoo baisikeli hiyo kuukuu

Ndugu msomaji, je, kule stoo kwako kuna baisikeli ya mbio ya zamani, cheni imeshika kutu na gia haziingii? Usiwape wauza vyuma vikuukuu. Inaweza kukufaa kuliko tembe nyingi ninazoandika.

Wagonjwa wangu wa shinikizo la damu na kisukari huniuliza: "Daktari, nitafanya mazoezi saa ngapi?" Hutoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku. Sikuwa na jibu la maana mpaka siku nilipojipima mwenyewe, nikiwa na umri wa miaka 44, nikakuta 152 kwa 96. Mtoa mawaidha amekuwa mgonjwa!

Shirika la Afya Duniani lashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki. Dakika 25 za kwenda kazini kwa baisikeli na 25 za kurudi, siku tatu tu, zinatimiza hesabu hiyo. Huhitaji kutafuta saa nyingine, kwani wakati huo ungeumaliza ndani ya matatu.

Gia zilizoharibika zisikuzuie. Ziondoe. Fundi atatoa nyaya za gia na kile kikono cha nyuma kinachohamisha cheni, afungue friwili yenye meno ya ngazi ngazi na kufunga ya ngazi moja, kisha akate cheni kwa kipimo. Katika fremu nyingi za zamani, mianya inayoshika ekseli ya nyuma imelala, kwa hivyo gurudumu huvutwa nyuma hadi cheni ikakaza. Ikiwa mianya imesimama wima, utahitaji kikaza cheni. Hakikisha pia cheni imenyooka kutoka mbele hadi nyuma, la sivyo itaruka ukiwa katikati ya magari.

Yangu ina meno 42 mbele na 18 nyuma. Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu huzunguka mara mbili na thuluthi. Vijana hupenda gia nzito zaidi. Mimi sishauri, hasa kwa aliyepita miaka 40, kwani kusukuma gia nzito mlimani huumiza magoti. Kiti kilichoshushwa mno huyaumiza pia. Pedali ikiwa chini kabisa, mguu uwe karibu kunyooka.

Fundi wangu wa kwanza alitaka kung'oa breki ya nyuma, akidai baisikeli za gia moja huzuiwa kwa miguu. Nilikataa katakata. Hiyo ni kweli kwa zile ambazo pedali huzunguka daima pamoja na gurudumu. Yenye friwili haizuiliki kwa miguu hata kidogo, kwa hivyo breki zote mbili zibaki na raba zake ziwe mpya.

Utaniambia barabara zetu ni hatari, na sitabisha, kwa maana nimewashona waendesha baisikeli kadhaa. Barabara ya Thika, iliyozinduliwa 2012, ina njia za baisikeli, lakini mara nyingi nakuta bodaboda na wachuuzi wamezitwaa. Wanaohusika wazisafishe, nazo ni miundombinu ya afya kama zahanati. Kwa sasa vaa helmeti na koti la kung'aa, washa taa, na usijipenyeze kamwe kando ya lori linalokata kona.

Miezi minane baadaye nasoma 134 kwa 86. Nilipunguza chumvi pia, kwa hivyo siwezi kuipa baisikeli sifa zote. Jioni, ukitoka Pangani kupanda kuelekea Muthaiga, pumzi bado hunikatika, nami hushuka nikaisukuma. Lakini wewe unayebanwa na kifua au kuona kizunguzungu unapopanda ngazi, usianze kabla ya kupimwa. Na usiache dawa zako kwa sababu umepata baisikeli.